Kichaka cha Mama Chini ya Mkwaju

Niliporudi likizo kutoka chuoni, ng'ambo ya ziwa, Shinyanga nzima ilikuwa inafyeka. Kila kaya ilitoa mtu mwenye shoka, tukaangusha vichaka ili mbung'o wanaoua ng'ombe wakose kivuli cha kukaa. Kwetu mtu huyo nilikuwa mimi. Jioni nilirudi mikono imevimba, halafu nikabeba mtungi kwenda kumwagilia kichaka.

Mama alikuwa amekipanda uani, chini ya mkwaju. Kilikuwa na miiba mirefu na vitunda vyekundu ambavyo vikiiva huwa vyeusi, vitamu. Aliking'oa kwao kabla hatujapafyeka. Leo pale kwao hujui hata nyumba ya bibi ilisimama wapi.

"Mchana unaniulia vichaka, jioni unaninyweshea kimoja," aliniambia akicheka. "Hao walimu wako wanakufundisha nini?"

Kivulini kilirefuka tu, hakikuzaa. Likizo iliyofuata nikakuta kimezaa, tena matawi ya chini peke yake, upande unaopata jua la asubuhi. Mama alikuwa akivingoja vitunda viive. Vikiwa bado vibichi, mnyapara wetu wa kufyeka akaingia uani. Alikuwa jirani, na zizi lake lilikuwa tupu.

"Mayu," akamwambia mama, "na hiki pia kikatwe."

Nikamuuliza nani amemwona mbung'o pale, hata mmoja. Na mkwaju je, hauna kivuli?

"Wewe umesoma," akasema. "Ng'ombe wangu hawakusoma. Walikufa tu."

Sikumwamini. Nilikuwa nimechoka hata kubishana. Mama ndiye aliyeuliza: yakikatwa matawi ya chini, mwanga upite, je, kinaweza kubaki?

Mnyapara akakizunguka kichaka. "Yakatwe leo. Nikiwa hapa."

Nilikata mimi. Utomvu mweupe ukaganda vidoleni, miiba ikanichana palepale palipokwisha kuchanika. Mama alinifuata nyuma akichuma vitunda kwenye matawi yaliyoanguka, akivitia katika pindo la kaniki. Nikamwambia haviwezi kuiva tena. Akaendelea kuchuma. Mnyapara akainama, akamshikia tawi asichomwe.

Mama akatafuna kimoja, uso ukakunjamana. Akampa na mnyapara kimoja.

"Kula, baba. Eti ndivyo hivi vilivyomaliza ng'ombe wako."

Mnyapara akatafuna, akatema. Mama akameza, akanyoosha mkono kwenye tawi jingine.