Majibu Ishirini Kuhusu Chiriku

Afisa ustawi wa jamii alinisomea majibu yangu mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwenye fomu ambayo sikuijaza mimi.

Mwandiko ulikuwa wa baba wa mtoto wangu. Mwanamume ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa na miezi saba hatujapeana hata salamu.

Sikushtuka. Kipindi kile nilikuwa sishtuki kwa lolote. Nisikilizeni hadi mwisho, ndipo mnitukane.

Nafanya kazi mapokezi, hospitali kubwa. Kutwa nzima kazi yangu ni fomu: jina, umri, anapoishi, ndugu wa karibu. Wagonjwa wanaotetemeka mikono nawajazia mimi. Na nina kanuni moja: sehemu haiachwi wazi. Ukiiacha wazi, karatasi inarudishwa.

Mimi na baba yake tuliachana kimyakimya, kila mtu akashika njia yake. Kelele zilikuja kwa mtoto. Binti yetu ana miaka sita, tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea bila kupumzika. Mimi namtaka. Baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, naye anamtaka. Hakuna aliyekubali kulegeza.

Hakimu akatuchoka. Akaagiza afisa ustawi atuchunguze wote wawili, kisha amwandikie ripoti mtoto akae na nani.

Wakili wangu akanipa orodha. Cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki. Ripoti za shule. Barua ya mwajiri. Picha ya chumba atakacholala mtoto. Na fomu ya kurasa nne, maswali ishirini kuhusu mtoto, ijazwe na mzazi mwenyewe.

"Hakimu hamjui mwanao," wakili akaniambia. "Anachokijua ni hizi karatasi. Usizifanyie mchezo."

Sikuzifanyia mchezo. Nilinunua faili la bluu lenye mifuko ya plastiki. Nikapanga kila kitu kwa tarehe, nikabandika lebo. Nikatandika kitanda cha Chiriku, nikakipiga picha mara sita hadi ikatoka moja isiyo na kivuli changu.

Wenzangu kazini wakaniuliza najisikiaje. Nikajibu poa. Na kweli nilikuwa poa. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na unatembea, ila huusikii.

Ile fomu ya maswali niliifungua siku moja mchana, nikaisoma yote, nikaiweka chini.

Anavaa kiatu namba ngapi? Mwalimu wake wa darasa ni nani? Rafiki yake mkubwa? Analalaje? Jino la mwisho kung'oka ni lipi?

Mimi niliyembeba miezi tisa nilikuwa na majibu matatu ya uhakika.

Sababu ilikuwa moja tu. Zamu zangu zilikuwa za jioni, na Chiriku akitoka shule alipitia kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake. Ni fundi cherehani, hana mtoto, anaishi mtaa wa pili kutoka shuleni. Siku nyingine mtoto alilala hukohuko. Siku nyingi, nikisema ukweli.

Huyo ndiye wifi yangu, na kwenye hesabu zangu alikuwa wa upande wa pili. Lakini sehemu haiachwi wazi. Nikampigia.

"Wifi, shikamoo."

"Marahaba. Leo umenikumbuka, kuna nini?"

"Nina maswali mawili matatu kuhusu mtoto."

"Ngoja nisimamishe cherehani. Haya, uliza."

Mawili matatu yakawa kumi na saba. Akayajibu yote bila kusita. Kiatu namba ishirini na nane, ila mguu wa kulia umezidi kidogo. Jino la mbele la juu, liling'oka Jumanne. Analala ubavu, ameshika sikio. Niliandika kama ninavyowaandikia wagonjwa, kichwa chini, kalamu mbio.

"Kaka yako asijue kama nimekupigia," nikamwambia mwishoni.

Akaanza tena kukanyaga cherehani. "Sitamwambia. Mimi aliyeniuliza namjibu."

Sikumuuliza ana maana gani. Fomu ilikuwa imejaa, nikajiona mjanja.

Siku ya afisa ikafika. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Mimi na baba Chiriku tulikaa tukiwa tumeachiana kiti kimoja katikati.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," akasema. "Wazazi wanaodanganya nimewaona wengi. Wawili wanaodanganya kwa sentensi ileile, hawa ni wa kwanza."

Akasoma fomu yangu: mguu wa kulia umezidi kidogo. Akasoma ya baba yake: mguu wa kulia umezidi kidogo.

Baba Chiriku akanigeukia. "Kumbe na wewe ulimpigia dada?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Swali la kumi na moja," afisa akaendelea. "Mtoto anaogopa nini? Wote mmeandika, simu ikiita jioni. Nani ataniambia kwa nini?"

Nilikuwa nimeliandika jibu hilo bila kuuliza kwa nini. Mwenzangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mimi nilimuuliza mwenyewe," afisa akasema. "Anasema simu ya shangazi ikiita jioni, ni mama anasema leo haji, au ni baba anasema bado yuko mbali."

Ndugu zangu, hata hapo sikulia. Nilisaini karatasi ya mahudhurio, nikauliza choo kiko wapi, nikanawa mikono, nikaenda zamu.

Ripoti ilitoka baada ya wiki mbili. Mtoto akae kwa shangazi yake miezi sita, sisi tumtembelee kwa ratiba, kisha tujaze fomu upya. Hakimu akakubali. Wifi hakuwa ameomba chochote, hata wakili hakuwa naye. Ushahidi wake wote niliukusanya mimi, nikampangia kwa tarehe na kumbandikia lebo.

Wala hakunicheka. Siku ya kwanza ya ratiba alinifungulia mlango, akasema, "Ingia, wifi. Anakusubiri tangu saa nane."

Miezi sita imeisha juzi. Nimejaza fomu ileile, na safari hii sikumpigia mtu. Kumi na tatu niliyajibu. Sita niliandika sijui. Wakili wangu alishika kichwa.

Likabaki la ishirini. Mtoto akiumwa, anamwita nani?

Hilo nilikuwa nalijua. Wiki iliyotangulia homa ilimpanda nikiwa nimempakata mimi, kwa mikono yangu hii, na nilimsikia alivyoita.

Nikaandika: shangazi yake.

Ndipo nikalia. Palepale mapokezi, watu wamepanga foleni, mzee mmoja akaniuliza kama na mimi nimeshapewa namba ya kumwona daktari.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, usingoje hakimu akuletee maswali. Muulize mwanao leo, tena umuulize mwenyewe, na ukubali jibu hata kama linakuuma.

Uamuzi wetu unasomwa Alhamisi. Wakili alinishauri nilifute jibu la swali la ishirini, nikakataa.