Mchanga Mweusi wa Matemwe

Juzi nilikuwa katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, watu wa kijiji cha Matemwe, Unguja, walipoitwa kuelezwa mpango wa kutafuta madini ya kutengenezea simu na betri. Ofisa akamwaga mchanga mweusi wa kwao juu ya karatasi, ukametameta.

Bibi mmoja mkulima wa mwani akaugusa taratibu, kama anayepapasa uso wa mtu.

"Mmeuchota wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya msikiti, Bi, penye minazi."

"Mume wangu kazikwa hapo."

Ofisa akaivuta ramani ya mpango iliyokuwa mezani. Kisha akaifuta alama ya mahali hapo, akaukusanya mchanga wote, akamkabidhi bibi.

Nilitoka nikiitazama simu yangu, nikiwaza imetengenezwa kwa mchanga wa nani.