Mrusi Aliniuliza Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule ughaibuni, mji wa Haltom City, Kocha Mkuu, Mrusi mmoja, alinirushia filimbi akaniuliza kama naelewa Kiswahili cha Kongo. Nikamwambia mimi ni mtu wa Tanga, lakini tutasikilizana. Niliajiriwa kufundisha makipa, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ukalimani. Timu karibu nzima ilikuwa ya wakimbizi, na Mrusi yule Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama changu.

Kwao alikuwa beki wa kati wa ligi kuu mpaka goti likamwangusha. Akafundisha timu za viwandani kwenye baridi kali, kisha akamfuata binti yake aliyeolewa Mansfield, mji wa jirani. Nyinyi makocha wa leo mnatembea na vishikwambi, mkidhani mmevumbua mpira. Yule bwana alipotufundisha mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao, aliwafunga mabeki wanne viunoni kwa kamba ya kuanikia nguo. Anayechelewa anaburutwa. Wiki mbili tu, wakawa wanapanda bila kamba.

Alikuwa na desturi moja. Wakati wa mapumziko, kabla ya kusema neno la mbinu, alimpitia kila mchezaji, akamshika kidevu na kumtazama machoni. Kisha ananigeukia: muulize hali yake. Ujanani yeye mwenyewe alicheza mechi nzima na ufa kichwani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mwaka wangu wa tatu tukaenda Houston kucheza fainali, kwenye uwanja mmoja wa mtaa wa Alief. Bahati, beki wetu kutoka Kivu, mtu mzima mwenye mke na kazi ya ghalani, aligongana vichwa na mshambuliaji wao. Mapumziko tulikuwa mbele kwa bao moja. Kocha Mkuu akamshika kidevu, akamtazama sana, akanigeukia.

"Bahati, habari?" nikauliza.

"Muzuri, mwalimu."

Jamani, si mnajua tulivyo? Mtu ana homa ya kumtetemesha, ukimuuliza habari atakujibu nzuri kwanza, ndiyo adabu. Ugonjwa hutoka ukikaa naye, ukiuliza tena. Hilo nalijua tangu utotoni. Tena nilimwona anainua chupa ya maji mdomoni bila kufungua kifuniko. Lakini refa alikuwa anatuita, na mimi nililitaka lile kombe, Mungu anisamehe. Nikamwambia Mrusi yuko sawa.

Dakika ya sitini Bahati akaanguka peke yake, hakuguswa na mtu. Akapasuliwa kichwa siku ileile. Roho ilibaki, ila mkono wa kulia ulikufa na maneno yakawa yanamtoka kwa shida.

Mwenyekiti wa klabu akatuita, akauliza nani alimruhusu arudi uwanjani. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kocha Mkuu akajibu kwamba yeye ndiye kocha, na yeye ndiye aliyeamua. Wakamfukuza palepale. Nilimfuata kwenye maegesho. Hakunifokea, na heri angenifokea.

"Nilikuuliza wewe," alisema, "kwa sababu hawa ni watu wako."

Cheo chake nikapewa mimi, nikakikalia miaka kumi na moja. Yeye hakufundisha tena. Alipozikwa Mansfield nilisimama nyuma kabisa, nisionwe na binti yake.

Sasa nimestaafu, nimehamia Alief, ambako Bahati na mkewe walifuata ndugu zao. Jumapili mkewe akiwa kanisani, mimi namlisha. Majuzi uzito ulinishinda, nikamweleza yote: chupa, kombe, jinsi nilivyonyamaza mbele ya mwenyekiti. Nikadhani hakunielewa.

"Nilijua uliiona chupa, mwalimu," akasema, neno moja moja. "Siku ile nilikuwa nangoja uniulize tena."