Taipureta Namba Saba

Kila Agosti, shule zikifungwa, ukumbi wa jamii wa Thika uligeuzwa chuo kwa majuma manne. Tangazo la kozi lilipigiliwa misumari popote palipokuwa na ukuta. La kwetu Ruiru lilikuwa kwenye mlango wa stoo ya kahawa, ambapo hatukuwa na njia ya kutoliona. Wanaume: useremala, uashi, hesabu za duka, taipu. Wanawake: upishi, malezi ya mtoto, kufuma sweta. Nililisoma kwa sauti mara mbili kwa ajili ya wenzangu wasiojua kusoma, na mara ya tatu nikajisomea kimya. Nilitaka taipu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa la nane nimelimaliza. Kazi niliyoipata kwa elimu yote hiyo ilikuwa kuchambua kahawa, punje nzuri huku, mbovu kule, kutwa nzima. Tuliishi na mama kwenye laini za shamba, nyumba za wafanyakazi zilizofanana zote. Mimi nilikuwa kitinda mimba, nina ndugu wanne wakubwa waliokuwa wametawanyika, na baba alikuwa amekwisha kufa. Sikuichukia kahawa. Nilichokiogopa ni kwamba nilikuwa nimeanza kuizoea, na wanawake wa meza yangu walikuwa wameizoea miaka ishirini.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika bila pasi iliyoandikwa sababu ya safari. Karani wa shamba alinitazama nilipotaja taipu, akatabasamu, akaandika sweta. Basi nikaenda kufuma.

Chumba cha kufuma kilipakana na cha taipu, katikati kukiwa na ukuta wa mbao usiofika darini. Mwalimu wa taipu alikuwa Singasinga mzee aliyestaafu ukarani wa reli. Alikuwa amezikusanya mashine nane kuukuu kutoka ofisi za mjini, akazipaka namba kwa rangi nyeupe, moja hadi nane, na kumgawia kila mwanafunzi yake kufuata orodha ya majina. Kwa watu wa reli, mpango huo haukuwa na kasoro.

Kwetu ulikuwa nayo. Saba, kwa Wakikuyu wa siku hizo, ilikuwa hesabu ya mganga na ya balaa. Mtu mwenye mbuzi saba alisema ana sita na mwingine. Safari ya siku saba haikuanzwa. Watoto ndio hawakuhesabiwa kabisa, wawe wangapi, kwa kuwa kumhesabu mtoto ni kumwonyesha kifo mahali alipo.

Aliyeangukiwa na namba saba alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu wa tai na koti. Siku ya kwanza alisema kiti kinayumba. Singasinga akamletea kingine. Siku ya pili ikawa upepo wa dirishani, na dirisha likafungwa. Siku ya tatu alikuwa amebanana na mwenzake wa namba sita kwenye kiti kimoja, wakipiga kwa zamu. Singasinga akambadilisha na mwingine, na huyo mwingine naye kiti kikaanza kumyumbia.

"Nyinyi watu namna gani?" nilimsikia Singasinga akifoka. "Mashine hii mzuri kushinda yote! Kwa nini hapana kaa?"

Wote walikuwa wamebatizwa, na kila mmoja aliona haya kukiri mbele ya wenzake kwamba anaogopa tarakimu. Mimi niliyekuwa nyuma ya mbao nilijua. Ningemwambia yule mzee, angepaka rangi nyingine kwa dakika moja, na chumba kingejaa. Sikumwambia. Kufa kufaana, na sijawahi kulijutia hilo.

Saa nne, wakati wa chai, nilimwendea.

"Bwana mwalimu, ile mashine ya saba haina mtu."

"Wewe ya sweta," alisema.

"Nitafuma nikiwa nyumbani. Naomba nikae pale asubuhi."

Alikuna ndevu, akaniambia nimwulize Memsahibu aliyesimamia kozi za wanawake. Memsahibu alikuwa na haraka zake. Alisema haijalishi nimekaa wapi mradi sweta iwe mezani kwake siku ya kufunga. Akaongeza neno taipu kwa penseli pembeni mwa pasi yangu, na mimi nikaketi.

Sikuwa jasiri. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuvua kitambaa changu cha kichwa na kuifunika ile namba. Kisha nikaweka vidole nilivyoonyeshwa. Mwalimu wa Jumapili alinitupia jicho la huruma, kama la mtu anayetazama maiti, halafu akarudi kwenye mashine yake mpya.

Nilikuwa na wepesi wa mikono. Miaka ya kuchambua punje ilivifundisha vidole vyangu kufanya kazi bila mimi kuvitazama, na kufikia juma la pili nilikuwa nawapita wote isipokuwa mwanamume wa namba tatu. Hapo ndipo Singasinga alipotutangazia kwamba kiwanda kimoja cha mjini kitamwajiri atakayeshinda mtihani wa mwisho. Toka siku hiyo sikuwaza kitu kingine. Niliota herufi.

Wenzangu wa kufuma waliacha kula nami mchana. Mmoja wao alikaa laini yetu, na kwa hiyo mama akapata habari kabla sijajua namna ya kumwambia.

"Umekaa hapo siku ngapi?" aliniuliza huku akimenya viazi.

"Tisa."

"Kesho usikae."

"Mama, ni rangi tu."

"Usikae," alisema, na hakusema zaidi. Kimya kingi kina mshindo, na cha mama kiliendelea mpaka juma la mwisho. Sikumtii. Kila asubuhi nilipanda treni nikijua kwamba anajua. Nilifuma sweta mbele yake kila jioni, mstari baada ya mstari, na yeye aliutazama uzi, mimi hakunitazama. Kusema kweli nilimkasirikia. Niliona ananirudisha kwenye meza ya kahawa kwa ajili ya hesabu ya mbuzi.

Siku ya mtihani tulikuwa tumeshaketi, karatasi zimeingizwa, tunangoja filimbi, mlango ulipofunguka. Alikuwa mama. Alivaa nguo yake ya kanisani, na mkononi alishika pasi. Sikujua aliombaje pasi hiyo, wala alimwambia nini nyapara aliyemwacha aondoke wakati wa palizi. Nilijua amekuja kunitoa.

"Mama, unataka nini?" Singasinga aliuliza.

"Huyu," alijibu, akanionyesha kwa kidevu.

Akaja mpaka mezani pangu, akakiinua kile kitambaa. Hakujua kusoma, lakini tarakimu alizijua kutokana na kadi za kazi. Aliitazama ile saba kwa muda. Kisha akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akatema mate kidogo kwenye kila kiganja, na kidogo tena kifuani kwake.

"Mama! Hapana tema mate!" Singasinga aliruka toka kitini. "Hii mali ya serikali! Huyu mwanamke natukana mashine!"

Aliyesimama kunitetea alikuwa mwalimu wa Jumapili, na hilo sikulitarajia.

"Bwana mwalimu, hatukani," alisema. "Anabaliki. Mzazi wetu hubaliki hivyo."

Singasinga alitutazama mmoja mmoja, akakaa tena polepole. Mama hakumjali. Aliwageukia wale wanaume wote nane na kusema kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu shambani:

"Nilizaa sita, na huyu. Wawili wa mbele walikufa, nao walikuwa na namba nzuri. Huyu hajaugua hata surua. Miaka yote nimeogopa kumtaja. Sasa nimemtaja."

Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida, "Piga." Akatoka kwenda kungoja uwanjani.

Nilikuwa sijui. Nilijua ndugu wanne. Wale wawili hakuna aliyewahi kuwasema mbele yangu, na mimi sikuwahi kuwa wa ngapi. Filimbi ililia nikiwa bado naitazama mikono yangu. Nilimpenda mama wakati ule kwa namna iliyoniumiza kifua, na nikaona haya kwa majuma yote niliyomnunia. Mstari wa kwanza niliupiga bila kosa. Wa pili na wa tatu ilikuwa na makosa manne, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuweza kuona karatasi.

Nilikuwa wa pili. Kiwanda kilimchukua yule wa namba tatu. Sweta niliikabidhi, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na Memsahibu akaipokea bila kuikunjua. Wakati wa kufunga ukumbi Singasinga alinipa barua ya kumpelekea mkwewe, muuza mbao wa Ruiru, na kwa huyo nilipiga taipu miaka kumi na mmoja. Kwenye meza ya kahawa sikurudi tena.

Mama aliishi mpaka akazeeka sana. Wajukuu waliosoma walizoea kumchokoza wamuulize alizaa watoto wangapi, wasikie atakavyoikwepa ile hesabu. Hakuikwepa. Alijibu kila mara bila kufikiri: "Sita, na yule wa taipu."