Mimba Huondoka na Jino

Katika ukoo nilioolewa, meno si sehemu ya mwili. Ni kama pazia: likichakaa unalitoa, maisha yanaendelea. Mama mkwe wangu alikuja mjini kutoka Newala na imani zake zote, na mapengo yake ya mbele anayaonyesha kama nishani. "Mimba huondoka na jino," aliniambia siku aliponiona nikitema povu jekundu kwenye bomba la uani. "Mie nimezaa saba. Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu. Hesabu haikutoka sawa, lakini katika nyumba ile hesabu haijawahi kumzuia mtu kusema.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Tunaishi Mtoni, kwenye nyumba ya familia, na mimi ninaoka keki. Nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na nakiri kwamba mimi ni mtu wa kuchosha: keki ikiinama upande mmoja kwa unene wa ukucha, nakwangua krimu yote na kuanza upya huku mteja yuko mlangoni. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kutoka damu mdomoni. Kwa hiyo nilihamia bafuni, nikawa napiga mswaki kabla wengine hawajaamka. Damu ilipozidi nikaacha kabisa kupiga mswaki upande wa kushoto, ili isitoke. Ndivyo akili yangu ninayoisifu ilivyofanya kazi. Harufu ilipoanza, mama mkwe akanipa ubani nitafune, nami niliyekuwa namdharau nikautafuna.

Kliniki ya wajawazito sikukosa. Walinipima tumbo, damu, mkojo na uzito. Hakuna aliyeniambia nifungue mdomo, na mimi sikuufungua.

Mimba ile ilikuwa ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa njiti, miezi saba, na hakufika nyumbani. Baada ya maziko kila mtu alikuwa na sababu yake. Nilibeba sufuria nzito. Nilipita njiani magharibi. Jicho la jirani. Mjomba wa mume wangu alisema ni kukaa karibu na oveni, kana kwamba tumbo langu ni unga. Nilizichukia sababu zao kwa upumbavu wake, na nilizichukia zaidi kwa kuwa sikuwa na ya kwangu.

Kisha nikaipata. Nilikuwa natafuta dawa ya fizi kwenye simu nikakutana na maelezo kwamba ugonjwa wa fizi kwa wajawazito umeonekana kuhusiana na watoto kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa wadogo mno. Inadhaniwa vijidudu na uvimbe wa kinywani huingia kwenye damu na kuuchokoza mwili mzima. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Palipoandikwa "huenda" nilipita haraka, kama mtu anavyompita jirani asiyetaka kumsalimia.

Mchana, mbele ya ugali na dagaa, niliwasomea kwa sauti. Sikuwa nawaelimisha. Nilitaka kumshinda mtu mmoja.

"Unaona, mama? Si jicho, si magharibi. Ni fizi."

Mama mkwe alirudisha tonge sahanini. "Kumbe mdomo wako mchafu ndio uliomuua mjukuu wangu."

"Mama, mimi sikusema hivyo."

"Si umesoma mwenyewe? Mie sijui kusoma, nimesikia tu."

Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuamini lolote lililoandikwa, hilo moja aliliamini papo hapo. Kufika alasiri uchochoro mzima ulikuwa nalo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akanitengea kikombe changu peke yake. Mteja mmoja akaniuliza kwa upole wa uongo, "Eti sista, krimu huwa unaionja?"

"Naionja kwa kijiko, dada. Mdomo nautunza kwa ajili ya maswali kama hilo."

Hakurudi.

Sasa kwenda kwa daktari wa meno kungekuwa kukiri mbele ya watu wale. Fizi ziliendelea kuvimba, na tumbo lilizidi kuukaribia mwezi wa saba. Nilijua yote mawili, na nilikaa. Aliyenitoa ni mume wangu, mchonga vinyago asiye na maneno mengi.

"Jiandae, twende hospitali."

"Wakituona watasema ni kweli."

"Kina nani? Hao mapengo?"

Nilicheka, na nilipocheka nikaonja damu. Tukaenda.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, na foleni ilikuwa imejaa nje. Kabla sijakaa vizuri nikamwambia, "Nataka kujua kama nilimuua mwanangu."

"Panua mdomo kwanza." Alichungulia, akaguna. "Mbona umechelewa hivi?"

"Niliambiwa mjamzito haguswi meno."

"Na nani?"

"Mama mkwe."

"Ana meno?"

Alikwangua ugaga mpaka machozi yakanitoka, kisha akaniambia mambo ambayo siyo niliyoyaendea. Uhusiano umeonekana, ndiyo. Lakini wengi wenye fizi mbovu huzaa salama, na wapo wenye fizi safi wanaozaa njiti. Kuhusu mtoto wangu, hakuna mtu duniani anayeweza kusema.

"Na huyu? Nikisafisha, atafika?"

"Hilo sikuahidi. Fizi mbovu tunazitibu kwa sababu ni mbovu, na mimba si kizuizi. Tumbo likianza kuvuta mapema, usingoje kukuche. Kimbia hospitali."

Nilimdharau njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimekwenda kutafuta hukumu, hata ya kunyongwa ningeipokea, naye amenipa "sijui" na mswaki laini.

Sasa niko mwezi wa nane. Fizi hazitoki damu tena, na mtoto anapiga mateke. Mama mkwe amewatangazia majirani kwamba ni dua zake. Jana nilimsikia kibarazani: "Ningemwachia huyo na simu yake, saa hizi tungekuwa tumeshazika." Nilitoka na jibu nimelipanga vizuri, neno kwa neno. Nilipofika mlangoni nikagundua kwamba sina ushahidi wowote kumzidi yeye. Nikarudi kwenye keki yangu.

Baadaye alikuja akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Tumbo likikuvuta usiku, usione haya. Gonga kwangu."

"Nitagonga, mama."

Heshima yangu bado hajaipata. Lakini mume wangu akilala hasikii hata paa likiezuliwa, na katika nyumba nzima ni mama mkwe tu anayemjua dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa.