Aliyekuja Kupima Akili

Tangu serikali ianze kulipa nusu ya ada, chumba cha Shangazi cha kulelea watoto kimejaa pomoni. Shangazi wa nani? Wa wote, hata wazazi wanamwita hivyo. Lakini serikali haitoi kitu hivihivi. Ilitaka kujua kama watoto wanakua kiakili, ikamtuma afisa aliyevaa tai aje kuwapima akili.

Mama mmoja aliposikia, alikuja mbio, kanga begani.

"Mwanangu apimwe akili? Kwani amerukwa?"

"Tulia, mama. Anaonyeshwa picha tu," Shangazi alimwambia.

Afisa akamwonyesha mtoto wa mama huyo picha ya ng'ombe. "Hii ni nini?"

"Karatasi."

"Tazama vizuri!"

Mtoto akaishika, akaikunja kidogo. "Karatasi ngumu."

Jasho likamtoka bwana mkubwa. Akalegeza tai, akapiga magoti mkekani, akatambaa huku akilia, "Mooo! Mooo!"

Mtoto alimtazama kwa huruma, akaenda kumletea mto. "Lala," akamwambia, akimpapasa kichwa.

Mama akashusha pumzi. "Shangazi, ungesema mapema. Kumbe anayepimwa ni huyu!"