Fundi wa Burumba na mfuko wa siri wa wapiga mbizi

Saa mbili asubuhi, vibanda vya Burumba, mtaa wa mpakani, ndiyo kwanza vinafunguliwa, na Zilpa Nabwire tayari ana gundi hadi kwenye kiwiko. Mbele yake imelazwa suti nyeusi ya raba, iliyochanika gotini. Mpita njia anauliza kama ni ngozi ya kiboko.

"Ni nguo ya kazi, boss," anajibu bila kuinua macho. "Ya watu wa kuzama."

Watu hao ni wageni wanaokwenda kwa boti hadi visiwa vya mbali vya Bahari ya Hindi, na kushuka chini na mitungi ya hewa mgongoni kutazama samaki. Anayewaongoza ni Mulama, mzaliwa wa Namboboto, kijiji cha huku huku. Kila akija likizo humletea Zilpa gunia la suti zilizokwaruzwa na matumbawe.

Kazi hiyo nusura imponyoke. Wachuuzi wanaovuka mpaka kwenda Uganda hawavai nguo isiyo na mfuko wa siri wa pesa, na mafundi wa Burumba huutia hata bila kuambiwa. Basi Zilpa, kwa mazoea na kwa moyo mzuri, akaitia kila suti mfuko wake kifuani. Sindano ikatoboa raba, maji baridi yakapenya, na wageni wakarudi botini wakitetemeka.

"Nilijua nimekwisha," anasema. "Lakini Mulama alinipigia simu akicheka. Akaniuliza, 'Dada, huko chini kuna soko gani? Wanunue nini, kwa nani?'"

Siku hizi anaubandika mfuko huo kwa gundi bila sindano, na wageni wenyewe wanauulizia. Huweka pete zao humo, zisiwachomoke vidoleni.

"Mungu ambariki Mulama. Mwingine angenitupa."

Sasa Mulama amemwalika safari ijayo, ashuke mwenyewe, na hapo ndipo pagumu. Zilpa anatoka Rukala, kijiji cha kando ya mto. Mto Nzoia ulipofurika, ulibeba nyumba yake pamoja na mlango. Yeye na watoto walitoka na nguo za mwilini tu. Mpaka leo mvua ikizidi anakosa usingizi.

"Maji yalinifukuza, na ni maji yananilisha. Watoto wanasoma na hizi suti. Nitayachukia mpaka lini?"

Mulama amemfundisha kupumua kwa mtungi, katika bwawa la hoteli moja mjini. Mara ya kwanza alilia ndani ya miwani. Mara ya tatu alikaa chini mpaka Mulama akamvuta mkono, watu wakale.

Suti ya Zilpa mwenyewe inaning'inia ukutani, ameiunga kwa vipande vya suti kuukuu, na kifuani ina mfuko. Anaingiza vidole, anatoa ufunguo wenye kutu. Ni wa nyumba ya Rukala. Siku ya mafuriko alikuwa nao mkononi; ndicho kitu pekee alichookoa zaidi ya nguo.

Anapoulizwa kama anakwenda kuutupa baharini, anamtazama mwandishi kama mteja aliyeomba ashonewe bure.

"Niutupe kwa nini? Nitashuka nao, na nitapanda nao. Nataka maji yaone mwenye nyumba bado yuko."